Sketi ya kurudi nayo kazini baada ya kujifungua

Likizo ya uzazi ikikaribia kuisha, kina mama wengi hufungua kabati na kuanza kujaribu nguo za ofisini. Blauzi inaweza kubadilishwa na nyingine pana. Kinachogoma ni sketi. Ile nyeusi ya kubana, iliyonyooka kutoka nyonga hadi magotini, ambayo wengi huiita sketi ya penseli, hufika mapajani na kusimama, au hupita lakini zipu haipandi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa nchini Tanzania siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Mfuko wa uzazi huchukua takriban wiki sita kurudi karibu na ukubwa wake wa awali, lakini misuli ya mbele ya tumbo, ambayo huachana kidogo wakati wa ujauzito, mara nyingi huhitaji muda mrefu zaidi, na mafuta yaliyojijenga kiunoni na nyongani hayafuati kalenda ya mwajiri. Kwa hiyo mama anarudi kazini akiwa na mwili ambao bado unabadilika, na nguo zilizokatwa kwa mwili wa mwaka jana.

Hapo ndipo wengi hukosea kwa kuchagua kujibana.

Mkanda wa kiunoni unaokaza huongeza shinikizo ndani ya tumbo na kusukuma tindikali ya tumboni kupanda juu, ndiyo maana kiungulia huzidi mtu akikaa kutwa nzima mbele ya kompyuta na sketi iliyombana. Nguo ikikaza sana kwenye nyonga inaweza pia kuminya mshipa wa fahamu unaopita karibu na kinena kwenda upande wa nje wa paja. Dalili zake ni ganzi, mwasho au hali ya kuungua kwenye ngozi ya paja, na mara nyingi dawa ya kwanza ni kulegeza nguo. Mwaka 2015 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilieleza kisa cha mwanamke wa miaka 35 nchini Australia aliyechuchumaa kwa saa kadhaa akihamisha vitu kabatini akiwa amevaa jinzi ya kubana. Miguu ilivimba, akashindwa kutembea, suruali ikabidi ikatwe kwa mkasi, na alilazwa siku nne. Ni kisa cha nadra, lakini kinaonyesha kwamba kitambaa kinaweza kushindana na mwili na kushinda.

Vilevile kujifunga tumbo kwa kanga au mkanda mpana ili sketi ya zamani ipite hakuyeyushi mafuta. Kitambaa cha kushikilia tumbo kwa wepesi humpa mama nafuu ya kutembea siku za mwanzo, hasa baada ya upasuaji. Kukaza hadi pumzi inakatika ni jambo jingine: shinikizo hilo huelekea chini, kwenye misuli ya nyonga ambayo imetoka kufanya kazi kubwa ya uzazi.

Njia iliyo nafuu ni kushona sketi mpya moja, yenye bitana, iliyokatwa ili iweze kupunguzwa au kuongezwa baadaye. Mwenye cherehani nyumbani na uzoefu kidogo wa kushona anaweza kuimaliza kwa jioni mbili au tatu, mtoto akilala. Asiyejua kushona anaweza kumpelekea fundi maelekezo haya haya, maana mafundi wengi wa mtaani hukata mshono mwembamba ili kubana kitambaa, na sketi ya namna hiyo haina pa kwenda mwili ukibadilika.

Vipimo vya leo

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya mkasi kuguswa: mama anapima huku amevuta tumbo ndani. Kipimo kichukuliwe akiwa amesimama kawaida na amepumua nje taratibu, baada ya kula, akiwa amevaa nguo ya ndani atakayovaa kazini. Kisha akae kwenye kiti na apime tena. Kiuno na nyonga hutanuka mtu anapokaa, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayoeleza kwa nini sketi inayopendeza mbele ya kioo inakuwa adhabu saa nne asubuhi.

Vipimo vinavyohitajika ni vitatu: kiuno, nyonga mahali palipojaa zaidi, na urefu. Aliyejifungua kwa upasuaji aweke mkanda kwenye kiuno halisi, juu ya kitovu au usawa wake, na si chini. Kovu la upasuaji mara nyingi huwa chini kabisa ya tumbo, na sketi inayokaa nyongani hulisugua kila anapoinama.

Tuseme kiuno ni sentimita 84, nyonga 108, na urefu 62. Kitambaa kisichovutika kinahitaji nafasi ya kupumua, hivyo nyonga huongezwa 4 kuwa 112, na kiuno huongezwa 2 kuwa 86. Nyonga ikigawanywa kwa nne, kila robo ya sketi ni 28. Kiunoni robo hazilingani, kwa sababu tumbo liko mbele: kila robo ya mbele ipewe 22.5 na kila ya nyuma 20.5. Jumla inabaki 86.

Tofauti kati ya 28 na vipimo hivyo vya kiuno haikatwi yote ubavuni, la sivyo sketi itatokeza pembe kwenye nyonga. Ubavuni hupinda kwa sentimita 2.5 tu. Kinachobaki huingia kwenye vikunjo vya kiunoni vinavyochongoka kuelekea chini: mbele, kila upande vikunjo viwili vya sentimita 1.5, vyenye urefu wa kama 9. Nyuma, kila upande viwili vya 2.5, vyenye urefu wa kama 13, maana makalio yako chini zaidi kuliko tumbo.

Sasa lile jambo lenyewe. Mishono ya ubavuni iachiwe sentimita 3 badala ya 1 au 1.5 iliyozoeleka. Kuna kingo nne ubavuni, mbili kila upande. Kila ukingo ukiachia sentimita 1.5, sketi nzima inapanuka sentimita 6, na bado mshono una mahali pa kushika. Mkanda wa kiunoni nao usikatwe kipande kimoja. Ukatwe vipande vitatu, cha mbele na viwili vya nyuma, viunganishwe ubavuni kwa sentimita 3 zilezile, ili mshono wa ubavu upite moja kwa moja hadi juu ya mkanda. Suruali nyingi za kiume hushonwa kwa wazo hilo kwenye mshono wa nyuma, ndiyo maana baba akinenepa fundi humtanulia suruali kwa dakika chache, ilhali mama huambiwa anunue sketi nyingine.

Kitambaa na bitana

Kwa vipimo hivyo, kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kinatosha mita moja. Chenye upana wa 115 kitahitaji karibu mita moja na robo tatu, kwa sababu mbele na nyuma havitakaa pamoja kwenye upana mmoja. Kitambaa chenye uzito wa wastani ndicho kizuri. Chepesi sana huonyesha kila mkunjo wa nguo ya ndani, na kinene sana hujaza mkanda.

Bitana ndiyo watu wengi huiruka ili kupunguza gharama, na ndiyo inayofanya sketi ya kubana ivalike. Huzuia kitambaa kupanda mama anapotembea, huzuia sehemu ya makalio kulegea na kuvimba kwa kukaliwa, na huondoa haja ya kuvaa gaguro. Madukani mafundi huelekezwa haraka kwenye bitana ya poliesta inayong'aa, kwa sababu ni ya bei nafuu na haichakai upesi. Tatizo lake ni joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Poliesta hainyonyi jasho, na ngozi inayobaki na unyevu mapajani na kwenye kinena hutoa mwanya kwa fangasi na upele wa joto. Pamba nyembamba au rayoni hupumua vizuri zaidi. Pamba ina kasoro moja, hung'ang'ania soksi ndefu za kubana, lakini mama asiyevaa soksi hizo hatalihisi hilo.

Kitambaa na bitana vifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Vikisinyaa baada ya kushonwa, na kila kimoja kikasinyaa kivyake, pindo litajikunja na hakuna pasi itakayolinyoosha.

Kukata na kushona

Sketi na bitana hukatwa kwa karatasi moja ya vipimo. Mbele ni kipande kimoja kilichokatwa kwenye mkunjo. Nyuma ni vipande viwili, kwa sababu zipu na mpasuo viko kwenye mshono wa katikati nyuma. Bitana ikatwe fupi, ili ikishakunjwa pindo ibaki sentimita 3 juu ya pindo la sketi. Upana wake kamwe usiwe mdogo kuliko wa sketi. Bitana iliyobana ndiyo itakayochanika kwanza.

Sketi huanza na vikunjo vya kiunoni, kisha zipu, kisha mishono ya ubavuni. Kingo zipigwe ovaloki, au zigzagi kwa asiye na mashine hiyo, kabla ya kuunganishwa. Kwenye bitana, vikunjo havishonwi hadi chini. Hukunjwa tu juu na kushikizwa, tena kwa kuelekezwa upande ulio kinyume na vya sketi, ili pasiwe na uvimbe wa tabaka nne mahali pamoja. Mshono wa nyuma wa bitana huachwa wazi mahali pa zipu na mahali pa mpasuo. Kisha bitana huingizwa ndani ya sketi, migongo ya vitambaa ikitazamana, viunoni vishonwe pamoja, na mkanda uje juu yake. Ndani ya mkanda huwekwa kile kitambaa kigumu cha kugandisha kwa pasi, na mwisho wake hufungwa kwa kulabu. Pindo la bitana linaachwa huru, halishonwi kwenye sketi.

Kabla ya mkanda kushonwa moja kwa moja, sketi ivaliwe. Mama akae, ainame kuokota kitu, ampakate mtoto, kisha apandishe mguu kwenye kiti kifupi kana kwamba anapanda daladala. Kwa sketi ya urefu wa 62, mpasuo wa sentimita 18 hadi 20 kwa kawaida unatosha hatua hiyo. Sketi inayomlazimisha apande basi kwa ubavu itampa maumivu ya mgongo kabla haijampa sifa. Wabunifu waliijua tangu zamani shida hii: mwanzoni mwa miaka ya 1910 huko Ulaya na Marekani zilivuma sketi zilizobana vifundoni hadi wanawake wakatembea kwa hatua za kuku. Christian Dior alipoonyesha mtindo wake mwembamba wa mwaka 1954, uliosaidia kuipa sketi ya penseli umaarufu, mpasuo wa nyuma ulikuwa tayari jawabu lililozoeleka.

Sindano na mtoto nyumba moja

Kushona kukiwa na mtoto nyumbani kuna hatari zake. Mtoto wa miezi mitatu hatambai, lakini kaka yake wa miaka miwili anaokota kila kitu. Pini zihesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi, zikae kwenye kopo lenye mfuniko na si kwenye mkono wa kochi. Sumaku ndogo ikipitishwa sakafuni itakusanya zilizodondoka. Mtoto akishukiwa kumeza pini au sindano, asitapishwe, asipewe ndizi wala ugali wa "kusukuma", wala maji. Apelekwe hospitali mara moja. Pasi nayo ipoe mahali pa juu, waya ukiwa umekunjwa.

Mama mwenyewe asikae kwenye cherehani zaidi ya nusu saa bila kusimama, hasa aliyefanyiwa upasuaji. Kiti kiwe na urefu unaomruhusu kuegemeza nyayo zote na kushona bila kuinamisha shingo, na taa iwe upande wa sindano. Atakayetumia cherehani ya miguu asubiri hadi kidonda kisimuume anapokanyaga.

Akirudi kazini, sheria ileile inamruhusu muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku katika saa za kazi. Waajiri wengi hawaitaji haki hiyo hadi iulizwe, kwa hiyo ni vema iulizwe kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza.

Kadiri miezi inavyokwenda, futi kamba ileile ina kazi nyingine. Kwa kipimo cha kiafya, kiuno hupimwa katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, si mahali pembamba zaidi kama mafundi wanavyofanya. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huongezeka, na kikizidi 88 huongezeka zaidi. Vipimo hivyo havimhusu aliyejifungua majuzi. Lakini kama mtoto ameshatimiza mwaka na kiuno bado kiko juu ya 88, lipo la kuzungumza na mhudumu wa afya, pamoja na kupima shinikizo la damu na sukari.

Na kama kiuno kimepungua, mshono wa ubavu hufumuliwa kuanzia juu ya mkanda, kwenye sketi na kwenye bitana, na kushonwa ndani zaidi, kwa kiasi kilekile pande zote mbili. Kilichozidi kisikatwe, kwani huenda kukawa na ujauzito mwingine. Alama ya mshono wa zamani ikibaki, kitambaa kilicholowekwa kwenye maji yenye siki kidogo kiwekwe juu yake na kupigwa pasi, baada ya kujaribu kwanza kwenye kipande cha ndani kisichoonekana.