“Ni uzee tu” si jibu la daktari

Penye wazee haliharibiki neno, ndivyo walivyonena wahenga. Je, linapoharibika jambo katika mwili wa mzee mwenyewe, ni nani anayejishughulisha kulitengeneza?

Nauliza kwa sababu yalinifika. Miaka kadhaa iliyopita mama yangu mzazi, aliyekuwa na umri wa miaka 78, alianza kuangukaanguka. Alianguka jikoni, akaanguka uani, na mara ya tatu akaanguka mlangoni pa kanisa. Nikampeleka hospitali. Daktari hakumgusa. Alinitazama mimi badala yake, akasema, “Mwalimu, huu ni uzee tu. Mrudishe nyumbani apumzike.” Mama aliyasikia maneno hayo. Tangu siku hiyo hakwenda tena shambani, na nusura aache hata kuinuka kitandani.

Miezi miwili baadaye tulimwona daktari mwingine, kijana wa kike ambaye umri wake ulikuwa sawa na wa wanafunzi niliowafunza zamani. Alimwamkia mama kwanza, kisha akaomba kuona dawa zake zote. Mama akafungua fundo la leso, zikamwagika mezani tembe za aina saba kutoka zahanati tatu. Daktari alimpima shinikizo la damu akiwa amelala, akampima tena akiwa amesimama. Aliposimama, lilishuka ghafla. Kumbe dawa mbili kati ya zile zilikuwa zikifanya kazi moja! Dawa zikapunguzwa, naye mama akafundishwa kuketi kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka. Baada ya wiki chache alikuwa akijichumia mchicha wake mwenyewe.

Nilimwuliza daktari yule alikojifunza hayo. Alinijibu kwamba alikuwa na mwalimu aliyewakataza wanafunzi wake kuandika neno “uzee” mahali pa jina la ugonjwa. Jibu hilo lilinituma kuisoma historia ya tiba ya wazee, na humo nikakutana na daktari Mwingereza, Marjory Warren.

Warren, aliyezaliwa mwaka 1897, alianza kazi mwaka 1926 katika hospitali ya Isleworth, magharibi mwa London, na mwanzoni alivutiwa zaidi na upasuaji. Mwaka 1935 hospitali hiyo ilikabidhiwa wodi za makao jirani ya maskini, zenye vitanda 714. Wengi wa waliolala humo walikuwa wazee walioachwa tu, bila yeyote kuyachunguza maradhi yao. Warren alimpima kila mmoja wao, kisha akawapanga kulingana na hali zao. Waliopooza kwa kiharusi walifundishwa kusimama na kutembea upya. Wodi zilitiwa mwanga na rangi za kupendeza. Wengi waliruhusiwa kwenda makwao, hata vitanda vilivyohitajika vikapungua hadi 240 hivi.

Katika majarida ya udaktari ya mwaka 1943 na 1946, Warren alishikilia kwamba tiba ya wazee iwe taaluma kamili, wodi zake ziwe ndani ya hospitali kuu, na wanafunzi wa udaktari wafunzwe taaluma hiyo. Alifariki mwaka 1960 kutokana na ajali ya gari. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Glasgow kilimteua Ferguson Anderson kuwa profesa wa kwanza wa taaluma hiyo duniani.

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba nchi yenye watoto wengi kama Kenya haina uwezo wa kujishughulisha na wazee. Nakataa. Kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, na kutunzwa na jamaa zao pamoja na Serikali. Isitoshe, silaha za kwanza za Warren hazikuwa mitambo ya bei ghali. Zilikuwa macho, mikono na subira. Mama yangu naye hakuponywa kwa kuongezewa dawa, bali kwa kupunguziwa.

Walimu wenzangu, kabla mwanafunzi hajafika chuo cha udaktari hupitia mikononi mwetu. Tukimzoeza kuridhika na jibu la mkato, atakwenda nalo hadi wodini. Nanyi wanafunzi mnaolitamani koti jeupe, siku moja mzee atawaambia kwamba anaanguka. Mwulizeni yeye mwenyewe, wala si mwanawe: tangu lini? Akifanya nini? Anatumia dawa gani? Kisha mwombeni asimame, nanyi mtazame.