Inchi Rafiki Zinapoketi Kupatana

Mara nyingi tunasikia katika radio habari kama hii: wajumbe wa inchi fulani zenye urafiki wamekutana, wamezungumza juu ya demokrasia, usalama na msaada, kisha wameagana kwa furaha. Habari inaishia hapo. Halafu watu wanamwendea katekista au padri, wanamwuliza: «Wamepatana nini? Nani atatoa, na nani atapokea?» Si vema tuwajibu ovyo. Kwa hiyo tunataka kueleza mambo hayo kwa mfano mmoja uliokwisha kupita, ambao mwanzo wake na matunda yake vinajulikana: mapatano ya Marekani na inchi za Ulaya ya Magharibi, tangu mwaka 1947 hata mwaka 1949.

1. Msaada

Vita kuu ya pili ilikwisha katika Ulaya mwaka 1945. Miji mingi ilikuwa imebomoka, na madaraja yamevunjika. Baridi ya mwanzo wa mwaka 1947 ilikuwa kali mno. Makaa ya mawe yalipungua, viwanda vingi vikasimama. Inchi hizo zilitaka kununua chakula na mashini katika Marekani, lakini hazikuwa na dola za kutosha.

Tarehe 5 ya mwezi wa sita 1947, George Marshall, waziri wa Marekani wa mambo ya inje, alitoa hotuba katika chuo kikuu cha Harvard. Hakutaja hesabu ya feza. Alisema kwamba Marekani iko tayari kusaidia, lakini yafaa inchi za Ulaya zenyewe zianze, na kupatana juu ya mahitaji yao. Tuangalie vizuri neno hilo. Kama angaliita kila inchi peke yake, kila moja ingalijitetea na kumsahau jirani yake. Kwa sharti lile, inchi zilizozoea kushindana zililazimika kuketi pamoja na kuonyeshana hesabu zao.

Je, ilikuwa kazi rahisi? Hapana. Mwisho wa mwezi ule wa sita, mawaziri wa Uingereza, Ufaransa na Urusi walikutana Paris. Molotov, waziri wa Urusi, hakukubali mpango wa pamoja wa namna ile, akaondoka siku chache baadaye. Chekoslovakia ilikuwa imekubali kuja, lakini Moscow iliikataza, nayo ikarudi nyuma. Basi inchi 16 zilikutana Paris tangu tarehe 12 ya mwezi wa saba. Ubelgiji ilikuwa mojawapo. Mwaka 1948 zilianzisha shirika lao la kushauriana juu ya kugawanya msaada, na mwenyekiti wa kwanza wa baraza lake alikuwa Paul-Henri Spaak, Mbelgiji. Kazi ilipokwisha, Marekani ilikuwa imetoa kadiri ya dola miliardi 13.

Tueleze namna feza hizo zilivyofanya kazi. Mkulima wa Ufaransa aliyetaka trakta hakupewa dola mkononi. Marekani ilimlipa mwenye kuuza trakta kwa dola. Mkulima alilipa franka, nazo ziliingia katika sanduku la pekee la serikali yake. Serikali haikuweza kuzitumia franka hizo pasipo kupatana na Wamarekani. Ndivyo msaada mmoja ulivyofaa mara mbili: mkulima alilima shamba lake, na franka zake zilisaidia kujenga umeme, reli na migodi ya makaa. Lakini ndivyo pia mwenye kutoa alivyobaki na mkono wake katika sanduku la mwenye kupokea.

2. Usalama

Mwezi wa pili 1948, wakomunisti walishika utawala wote katika Chekoslovakia. Watu wa Ulaya wakaanza kuuliza: kuna faida gani kujenga nyumba, kama mwizi anaweza kuingia kesho? Tarehe 17 ya mwezi wa tatu, Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Luksemburgi zilitia sahihi mapatano ya kuteteana, katika mji wa Bruxelles. Mwezi wa sita Warusi walifunga njia za kwenda Berlin ya Magharibi, ikabidi mji ule ulishwe kwa ndege karibu mwaka mzima. Zile inchi tano zilijua kwamba nguvu zao hazitoshi. Basi tangu mwezi wa saba wajumbe wao walizungumza kwa siri katika Washington, pamoja na wajumbe wa Marekani na wa Kanada.

Hapo walipata kikwazo. Watu wa Ulaya walitaka ahadi kwamba, moja ikishambuliwa, Marekani itaingia vitani mara moja. Wamarekani walijibu kwamba kwa sheria yao kuu ni Kongresi, yaani bunge lao, linalotangaza vita. Mjumbe hawezi kuahidi jambo asilolimiliki. Hawakuachana kwa hasira, bali walitafuta maneno ambayo kila mmoja angeweza kuyashika. Ndiyo yaliyoandikwa katika kifungu cha 5: shambulio juu ya moja litahesabiwa kuwa shambulio juu ya zote, na kila moja itasaidia kwa kufanya lile inaloona kuwa la lazima. «Inaloona» ni neno dogo, lakini ni mlango ulioachwa wazi.

Inchi 12 zilitia sahihi tarehe 4 ya mwezi wa nne 1949. Kifungu hicho kilitumiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, baada ya shambulio la tarehe 11 ya mwezi wa tisa juu ya Marekani. Hapo aliyehitaji wenzake alikuwa yule mwenye nguvu kuliko wote.

3. Demokrasia

Dibaji ya mapatano hayo yasema kwamba yamejengwa juu ya demokrasia, uhuru wa mtu na utawala wa sheria. Maneno hayo ni mazuri. Lakini kati ya wale 12 ilikuwamo Ureno ya Salazar, ambayo haikuwa na uchaguzi huru. Kwa nini ilikubaliwa? Kwa sababu visiwa vyake vya Azores viko katikati ya bahari, mahali panapofaa sana kwa ndege kati ya Amerika na Ulaya. Usalama ulipopimwa pamoja na demokrasia, usalama ulikuwa mzito zaidi.

Msaada nao uliingia katika mambo ya uchaguzi. Kabla ya uchaguzi wa Italia wa mwezi wa nne 1948, Marshall alitangaza kwamba Waitalia wakiwachagua wakomunisti, msaada utakoma.

Na Waafrika je? Katika meza ile hawakuwapo. Kifungu cha 6 kilionyesha mipaka ya ulinzi: Algeria iliingizwa, kwa sababu Ufaransa ilishikilia hivyo. Kongo haikuingizwa, ingawa ilitawaliwa na Ubelgiji. Uranium ya Shinkolobwe ilikwenda Marekani, lakini ahadi ya ulinzi haikufika Katanga.

Walakini tusiseme kwamba msaada haukuwafaa kamwe wale waliokuwa inje ya meza. Mwezi wa 12 1948 Uholanzi ilishambulia jamhuri changa ya Indonesia. Marekani ilisimamisha ule msaada uliokuwa ukipita kwa Waholanzi kwenda Indonesia. Wandonesia wenyewe walipigana, na Umoja wa Mataifa ulipaza sauti. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 ya mwezi wa 12 1949, Uholanzi iliwakabidhi utawala. Mkono wa msaada, ukifungwa kwa wakati wake, waweza kutetea haki.

4. Tuwajibu watu namna gani?

Kila mama anajua kwamba chungu kinakaa juu ya mafiga matatu. Msaada, usalama na demokrasia ni kama mafiga hayo. Kwa mfano wetu tumeona kwamba yaliwekwa pamoja, lakini hayakuwa ya kimo kimoja. Lile la demokrasia mara nyingine lilikuwa fupi.

Basi tukisikia tena kwamba inchi rafiki zimepatana, nasi tukiulizwa, tusikimbilie kusifu wala kulaumu. Tuulize kwanza mambo manne. Ni nini kilichoandikwa, mbali na hotuba? Kila upande utatoa nini, na ni mlango gani ulioachwa wazi? Nani atashika ufunguo wa sanduku? Tena, mipaka ya ahadi inaishia wapi, na ni watu gani wanaoguswa na mapatano hayo, lakini hawakuitwa mezani?

Swali hili la mwisho tusiliache. Wale wanaokuja kutuuliza mlangoni mara nyingi ndio hao hao ambao hawakuitwa.