Wanafunzi wa chuo kikuu wanaposhindana kubuni vitu kwa ajili ya makazi ya wakimbizi: mambo ya kujua

Huenda siku moja watu wenye madaftari na kamera wakafika katika kijiji chenu wakiuliza mnapikia nini, maji mnayachota wapi na choo kinajaa baada ya muda gani. Wakasema ni kwa ajili ya mashindano ya wanafunzi wa chuo kikuu. Makala hii inaeleza mashindano hayo ni nini, yanaendeshwaje, na wewe una haki ya kuuliza nini kabla ya kujibu.

Ni mashindano ya aina gani?

Wanafunzi hugawanywa katika timu ndogo na kupewa tatizo la kweli la mahali fulani: maji, nishati, nyumba, taka au usafiri. Kila timu hubuni suluhisho, huchora, wakati mwingine hutengeneza mfano mdogo, kisha hujitetea mbele ya majaji. Sharti ni kwamba ubunifu uwe endelevu. Neno hili hutumika sana siku hizi, lakini maana yake ni nyepesi: kitu kiendelee kufanya kazi baada ya wageni kuondoka, kisimalize miti wala kuchafua maji, na watu wa hapo waweze kukigharamia na kukitengeneza kikiharibika.

Mfano ulio karibu nasi ni Mayukwayukwa, katika Mkoa wa Magharibi wa Zambia. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1966 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Angola, na baadaye yakapokea watu wa nchi nyingine, wakiwemo Wakongo. Mwaka 2016 ndiyo yaliyochaguliwa kwa mashindano ya shirika la Australia liitwalo Engineers Without Borders, yaani Wahandisi Wasio na Mipaka, kwa ushirikiano na UNHCR. Shirika hilo limeendesha mashindano hayo tangu mwaka 2007, na washiriki ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi. Kila mwaka huchaguliwa jamii moja, maelezo na picha zake hukusanywa, kisha maelfu ya wanafunzi huzitumia kama somo.

Sehemu kubwa ya wanafunzi hao hawafiki kamwe mahali wanapopabunia. Wanachokijua ni kile mwenyeji alichomwambia mtu mwenye daftari.

Je, kilichoshinda hujengwa?

Mara nyingi hapana. Mashindano mengi ya aina hii ni masomo kwanza. Zawadi ni cheti, alama na sifa, na mawazo mazuri hukabidhiwa shirika linalofanya kazi na jamii husika. Mengine yana pesa ya kuendeleza kazi. Kwa mfano, nchini Marekani wakala wa serikali wa mazingira, EPA, ulianzisha mashindano ya P3 mwaka 2004. Kwa miaka mingi timu zilipata ruzuku ndogo ya kubuni, na zilizofanya vizuri ziliweza kupata ruzuku kubwa zaidi ya kujaribu wazo lao kwa vitendo. Lakini hayo yalikuwa ya vyuo vya Marekani. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa ukijibu maswali yake kisima kitachimbwa, mwombe aonyeshe maandishi.

Kwa nini jibu lako lina uzito

Mwaka 2007 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipewa kazi darasani: wabuni mashine ya bei nafuu ya kuwatunzia watoto njiti hospitalini. Mmoja wao alisafiri hadi Nepal. Huko wakagundua kuwa tatizo si bei tu. Watoto wengi walikuwa wanazaliwa vijijini, mbali na hospitali na umeme. Wakaacha mashine, wakabuni mfuko wa kumlaza mtoto wenye pakiti ya kitu kama nta. Pakiti hupashwa moto, kisha hutunza joto la mwili kwa saa kadhaa bila umeme. Mfuko huo, Embrace, ulianza kutumika katika nchi mbalimbali.

Sasa tazama upande wa pili. PlayPump ilikuwa pampu ya maji iliyounganishwa na bembea ya kuzunguka: watoto wanacheza, maji yanapanda kwenye tangi. Ilipata tuzo ya Benki ya Dunia mwaka 2000, ikafungwa Afrika Kusini, Msumbiji, Zambia na kwingineko. Wazo lilipendeza sana kwenye picha. (Sisi wa idara za mawasiliano tunaijua ladha ya picha ya namna hiyo.) Lakini watoto huchoka, na huenda shule. Katika vijiji vingi kina mama ndio waliobaki wakiisukuma bembea kwa mikono, kazi ngumu kuliko pampu ya kawaida ambayo wakati mwingine ilikuwa imeng'olewa ili kuipisha. Ilipoharibika, fundi wa kijijini hakuweza kuitengeneza.

Mama yeyote anayechota maji angeweza kuyasema hayo mapema. Vivyo hivyo kwa jiko banifu: linaweza kutumia kuni chache na bado likashindwa kwa sababu sufuria ya ugali ikishasongwa kwa mwiko, jiko linayumba. Mwanafunzi ambaye hajawahi kusonga ugali hawezi kulijua hilo asipoambiwa. Kwa hiyo usijibu tu "tunahitaji majiko." Sema unapika nini, kwa watu wangapi, ukiwa umesimama au umeinama, na mvua ikinyesha unahamia wapi. Wenyeji wanaowapokea wakimbizi nao waulizwe, maana kuni na maji ni vya wote.

Kabla ya kukubali

Una haki ya kujua anayeuliza anatoka chuo gani au shirika gani, na kama ana kibali cha kufanya kazi katika makazi. Uliza picha yako itaonekana wapi, na matokeo mtaletewa lini na nani. Unaweza kukataa kupigwa picha na bado ukajibu maswali. Kukataa kabisa hakukupunguzii mgao wala hakugusi kesi yako ya ukimbizi.

Kama wewe ndiye mwanafunzi

Mkimbizi aliye chuoni anaweza kushindana kama wengine chuo chake kinaposhiriki. Usajili kwa kawaida hupitia kwa mhadhiri, hivyo anza kwa kuuliza katika idara yako. Wanaotafuta nafasi ya chuo waulize kuhusu ufadhili wa DAFI, unaosomesha wakimbizi shahada ya kwanza tangu mwaka 1992. Maombi yanapofunguliwa, sharti za kila nchi hutangazwa na UNHCR na washirika wake wa elimu. Fomu hailipiwi. Mtu akikuomba pesa ili akuingize kwenye ufadhili au mashindano, toa taarifa kwenye dawati la malalamiko au ofisi ya UNHCR iliyo karibu nawe.