Pepo zilizoleta fedha na akiki zaleta ndara Mkokoni

WAKAZI wa visiwa vya Lamu wamejipamba kwa vitu vilivyoletwa na upepo tangu enzi za mababu zao. Fedha ya pete, akiki ya kidani na kaure iliyovunjika ikageuzwa kito, vyote vilifika kwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi na kusi.

Katika kijiji cha Mkokoni, kilichoko bara mkabala na kisiwa cha Kiwayu, bahari iyo hiyo imeleta shehena ya namna nyingine: ndara kuukuu za mpira, maarufu kama patipati. Nazo pia zimegeuzwa kuwa mapambo.

Chanzo cha yote ni upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi, bara la Asia huwa limepoa kuliko bahari, na hewa yake nzito huvuma kutoka kaskazini mashariki. Huo ndio msimu wa kaskazi, uliowaleta wafanyabiashara wa Uarabuni, Uajemi na India.

Kuanzia Aprili, Asia hupata joto na upepo hugeuka. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, na ndiyo iliyowarudisha wageni hao makwao. Mwezi Juni na Julai huwa kali, bahari ikachafuka, na wavuvi wengi wenye vyombo vidogo wakalazimika kubaki nchi kavu.

Fedha haichimbwi Lamu. Kwa miaka mingi masonara waliyeyusha sarafu za kigeni, hasa reale za Maria Theresa, ambazo ziliendelea kutengenezwa zikiwa na mwaka 1780 juu yake hata baada ya malkia huyo wa Austria kufariki. Kila sarafu ilikuwa na takriban gramu 23 za fedha halisi, hivyo sonara alijua mapema kiasi atakachokipata.

Pambo linalotambulisha Lamu zaidi ni pete ya kigae cha kaure. Sahani na mabakuli ya Kichina yalipovunjika, vipande vyake vilibaki ardhini na ufukweni. Fundi hukisugua kigae mpaka kingo zake zilainike, hukata bamba la fedha, hulizungushia ukuta mwembamba, kisha hukibana kigae ndani yake kama kito.

Hata hivyo, kaure ya kale si mali ya kuokotwa ovyo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale, kwani kigae kinapoondolewa kwenye magofu, sehemu ya historia ya mahali hapo huondoka nacho.

Mkokoni hali ni kinyume: kinachookotwa huko ni bora kiondolewe. Kijiji hicho kimo katika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, ambamo kasa hutaga mayai mchangani. Ndara, chupa na vipande vya nyavu vinaporundikana ufukweni, kasa jike hukosa nafasi ya kuchimba kiota, na vitoto vinavyoanguliwa hukwama kabla ya kulifikia wimbi la kwanza.

Taka hizo si za wenyeji peke yao. Mikondo ya bahari, ambayo hubadilika pamoja na majira ya upepo, huzisukuma kutoka miji mingine ya pwani na hata kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtaalamu wa viumbe vya baharini Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi katika mradi wa shirika la WWF na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), aliona watoto wa eneo hilo wakichonga vitu vya kuchezea kutokana na ndara. Wanawake wakahimizwa kuziokota, kuziosha, kuzikata na kuzitunga kuwa mikufu, bangili na vishikio vya funguo.

Kazi yenyewe haihitaji tanuri wala mizani ya sonara. Vipande vya rangi mbalimbali hugandishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, kisha hukatwa kwa kisu na kusuguliwa kwa msasa mpaka mistari ya rangi ijitokeze.

Wazo hilo lilivuka mipaka ya kijiji. Kampuni iliyotokana nalo, ambayo sasa inaitwa Ocean Sole, huuza vinyago vya wanyama katika nchi nyingi. Mwaka 2018, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walizindua Lamu jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyotumika na kufunikwa kwa ndara zipatazo 30,000.

Kwa Mkokoni yenyewe, soko limekuwa mtihani. Septemba 2011, watu wenye silaha walivamia hoteli ya kitalii karibu na kijiji hicho, wakamuua mtalii Mwingereza na kumteka nyara mkewe. Watalii walipoacha kwenda, mnunuzi wa karibu alitoweka, ilhali ndara hazikuacha kufika.

Hapo ndipo tofauti ya mapambo haya mawili inapoonekana. Pete ya fedha hubaki na thamani hata isiponunuliwa, kwa kuwa inaweza kuyeyushwa tena. Bangili ya ndara ina thamani ya kazi ya mikono tu. Asipopatikana mnunuzi, hurudi kuwa taka. Kwa hiyo, mwanamke anayesafisha ufukwe anastahili kulipwa kwa usafi anaoufanya, wala si kwa mkufu unaouzika pekee.

Masonara wa Lamu waliomba majahazi yaje kila mwaka na shehena mpya. Ufundi wa Mkokoni una dua nyingine: mafanikio yake makubwa yatakuwa siku ambayo kusi itavuma na isilete chochote cha kuokota.