Kisukari: Ugonjwa Uliopewa Jina la Dalili Zake

Aliyepata kusoma cheti cha mgonjwa wa kisukari huenda ameliona humo jina la kitaalamu, “diabetes mellitus”. Wengi huliruka wakidhani ni lugha ya madaktari peke yao. Kumbe ndani yake zimo dalili ambazo yampasa kila mzazi kuzijua.

Neno la kwanza latokana na Kigiriki, na maana yake ni kitu kipitacho moja kwa moja. Zaidi ya miaka 1,700 iliyopita, tabibu Aretaeus wa Kapadokia alilitumia kueleza ugonjwa wenye kiu isiyokatika na kukojoa kusikokoma, kana kwamba mwili umegeuka mrija wa kupitisha maji.

Neno la pili ni la Kilatini, nalo latokana na “mel”, yaani asali. Katika karne ya 17, daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa hao ulikuwa mtamu ajabu. Matabibu wa Bara Hindi walikuwa wameugundua utamu huo karne nyingi kabla yake, wakauita ugonjwa huo mkojo wa asali.

Dalili hizo mbili zina asili moja. Sukari inapozidi mno katika damu, figo hushindwa kuizuia yote. Hutoka pamoja na mkojo, na katika kutoka huvuta maji mengi. Ndipo mgonjwa hukojoa mara kwa mara, na kiu humbana.

Hata dawa yake ina jina la namna hiyo. “Insulini” yatokana na Kilatini “insula”, maana yake kisiwa, kwa kuwa hutengenezwa na vikundi vya chembe vilivyotawanyika katika kongosho mfano wa visiwa. Mwezi Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa taabani, alidungwa dawa hiyo akapata nafuu. Aliishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo, watoto wenye ugonjwa kama wake hawakuwa na dawa ya kuwaokoa.

Basi, ndugu mzazi, mtoto akinywa maji kupita kiasi, akaanza tena kukojoa kitandani na kukonda ingawa anakula, usimkemee wala kumchapa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, apimwe sukari.