Ubongo, Mwenendo na Utambulisho wa Watu Transijenda

Mwaka 1995, watafiti wa Amsterdam nchini Uholanzi, akiwamo Dick Swaab, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuchunguza bongo za marehemu sita waliokuwa wanawake transijenda, yaani watu ambao walipozaliwa walihesabiwa kuwa wa kiume lakini wakajitambua na kuishi kama wanawake. Walipima kifungu kidogo cha seli za neva kilicho karibu na haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia homoni na njaa, wakakuta kwamba kwa wanaume wastani wake ulikuwa milimita za ujazo 2.49, kwa wanawake 1.73, na kwa wale sita ulilingana na wa kike.

Wengi waliosikia habari hiyo walihitimisha kwamba utambulisho wa mtu huandikwa katika ubongo kabla hajazaliwa. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2002, ambao Swaab pia alishiriki, ulionyesha kuwa tofauti ya kifungu hicho kati ya wanaume na wanawake hudhihirika utu uzimani, ilhali watu wengi transijenda hueleza kwamba walijitambua tangu utotoni. Isitoshe, wale sita walikuwa wametumia homoni za kike, ingawa watafiti hawakuona kuwa dawa hizo pekee zilitosha kueleza tofauti hiyo.

Hapo ndipo mwenendo na utamaduni vinapohusika, kwa kuwa ubongo hujiunda upya kufuatana na matumizi yake. Nchini Ujerumani, mwaka 2004, ilibainika kwamba watu waliojifunza kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi mitatu walipata ongezeko la tishu ya kijivu katika sehemu za ubongo zinazofuatilia mwendo wa vitu, na walipoacha mazoezi ongezeko hilo likapungua. Ikiwa mchezo wa miezi michache huacha alama, basi miaka mingi ya kutembea, kuvaa, kuitwa na kutendewa kwa namna fulani, au ya kujificha kwa hofu, nayo yaweza kuacha yake.

Kwa hiyo tofauti inayoonekana kwa mtu mzima yaweza kuwa chanzo, tokeo, au yote mawili kwa pamoja, na picha ya ubongo haiwezi kugeuzwa cheti cha kuthibitisha utambulisho wa mtu. Heshima anayostahili binadamu hutokana na utu wake, wala haipaswi kungoja majibu ya maabara.