Alama Ndogo Zinazopotosha Ujumbe wa Mwili

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu hospitalini kupokea matokeo ya uchunguzi wa uboho wake. Daktari, kijana mpole na mwenye subira, alieleza kwa Kiingereza kwa muda wa robo saa hivi. Alipomaliza, shangazi alinigeukia akaniuliza maswali mawili: "Mwanangu, amesema nini? Na hii kansa ya damu, wanangu nao wamekwisha kuirithi?"

Mimi ninayekula mshahara kwa kufundisha lugha niliduwaa. Kiingereza cha daktari nilikielewa, na Kiswahili cha shangazi ndicho nilicholelewa nacho. Lakini baina ya lugha hizo mbili sikuwa na daraja la kumvushia mama yule. Nikamwambia, "Damu yako imeingiwa na ugonjwa, Shangazi," kisha nikanyamaza. Jibu la namna hiyo lingeweza kutolewa na mtu yeyote aliyekuwa amekaa pale kwenye benchi.

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka kwa mwenzangu anayefundisha biokemia, nikaketi mbele yake kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Makala haya ni jibu nililostahili kumpa shangazi siku ile. Nayaandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi, maana wao ndio watakaoulizwa kesho.

Tuanze na tunayoyajua. Kila seli ya mwili ina maandiko makuu, yaani DNA, yaliyohifadhiwa ndani ya kiini chake. Maandiko hayo yana herufi zipatazo bilioni 3, zote zikiwa za aina nne tu. Seli haiyatoi maandiko hayo nje. Inapohitaji kutengeneza protini fulani, hunakili kifungu kinachohusika katika karatasi ya muda, kwa mfano, na karatasi hiyo ndiyo iitwayo RNA. Ile inayobeba habari kutoka kwenye kiini hadi kwenye karakana za protini tuiite RNA-mjumbe. Ikishasomwa mara kadhaa huvunjwavunjwa, na mjumbe mwingine hutumwa.

Kwa muda mrefu walimu wetu walitufundisha kwamba saratani ni kosa la herufi: herufi moja ya DNA ikibadilika, ama kifungu kizima kikiruka, seli hupotewa na adabu na kuanza kuzaana ovyo. Hilo ni kweli, na lingali kweli. Hata hivyo si ukweli wote. Wanaisimu tunajua vyema kwamba ujumbe hauharibiki kwa herufi pekee.

Chukua neno "barabara". Ukitia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ba-ra-BA-ra, umetaja njia ipitayo magari. Ukiusogeza mkazo huo nyuma kidogo, ba-RA-ba-ra, umesema jambo limefanyika vyema. Ndivyo ilivyo kwa "walakini": mkazo mmoja hutupa kiunganishi, na mwingine hutupa jina lenye maana ya dosari. Herufi hazikuongezwa wala kupunguzwa. Kilichohama ni shada tu. Aliyeyatazama maandishi peke yake hataona tofauti.

RNA nayo ina shada zake. Juu ya herufi zake nne, seli hubandika alama ndogo za kikemia ambazo hazibadilishi tahajia bali hubadilisha namna ujumbe unavyosomwa. Hadi leo aina zaidi ya 150 za alama hizo zimetambuliwa katika viumbe mbalimbali. Iliyo mashuhuri zaidi katika RNA-mjumbe ni ile inayobandikwa kwenye herufi A, nayo ni kikundi cha methili: atomu moja ya kaboni na tatu za hidrojeni. Wataalamu huiandika kwa kifupi m6A. Kitu kidogo kiasi hicho chaweza kuamua kama ujumbe utasomwa kwa bidii, utacheleweshwa, ama utatupwa kabla ya wakati wake.

La kustaajabisha ni kwamba alama hiyo, ilipogunduliwa katika RNA-mjumbe mwaka 1974, mojawapo ya mahali ilipoonekana kwanza ni ndani ya seli za saratani ya ini ya panya zilizokuwa zikichunguzwa nchini Marekani. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza alama na maradhi zilikuwa zimeketi pamoja, ila hakuna aliyejua zinazungumza nini. Wengi walidhani kwamba alama ikishabandikwa haibanduki, na vyombo vya kuonyesha mahali hasa ilipokaa havikuwapo. Suala hilo likalala kwa zaidi ya miaka thelathini.

Liliamshwa mwaka 2011. Chuan He na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walithibitisha kwamba kimeng'enya kiitwacho FTO, ambacho jeni lake lilikuwa limekwisha kuhusishwa na unene wa mwili mwaka 2007, kina kazi ya kuiondoa alama ya m6A. Maana yake ni kwamba alama hiyo huandikwa na pia hufutwa. Mwaka uliofuata, makundi mawili ya watafiti yalichora ramani za alama hizo na kuziona katika jumbe za maelfu ya jeni za binadamu.

Hapo ndipo wanasayansi walipoazima istilahi kutoka kwa sisi watu wa kalamu. Vimeng'enya vinavyobandika alama wakaviita waandishi. Mkuu wao ni METTL3. Vile vinavyoibandua wakaviita wafutaji, nao ni FTO na ndugu yake ALKBH5. Protini zinazoitambua alama na kuchukua hatua wakaziita wasomaji. Mmoja wao, YTHDF2, kazi yake ni kuupeleka ujumbe wenye alama ukavunjwe. Seli yenye afya ni ile ambayo mwandishi, mfutaji na msomaji wanaheshimiana.

Sasa turudi kwenye ugonjwa uliomkamata shangazi. Katika aina kali ya saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho, seli changa hukataa kukomaa. Huzaana tu, zikazisonga seli nzuri zilizo karibu nazo. Mwaka 2017 tafiti mbili, moja ya Marekani na nyingine ya Cambridge nchini Uingereza, zilionyesha kwamba seli hizo zinamtegemea mno yule mwandishi METTL3. Alama anazobandika huzifanya jumbe fulani zisomwe kupita kiasi. Miongoni mwa jumbe hizo umo wa protini ya MYC, ambayo huisukuma seli igawanyike, na wa BCL2, ambayo huikinga seli isife ajali yake inapofika. Watafiti walipompunguza mwandishi huyo, seli za saratani zilianza kukomaa na kufa. Katika ini nako, utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha mwandishi huyohuyo akizidi kipimo: hubandika alama kwenye ujumbe wa protini iitwayo SOCS2, ambayo huzuia uvimbe; msomaji YTHDF2 akiiona huuvunja ujumbe huo, na mlinzi akawa ameondolewa langoni.

Msomaji aweza kusema: basi dawa ni moja, tuwafukuze waandishi wote! La, hasha. Katika saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba, utafiti mwingine wa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika takriban asilimia 70 ya uvimbe uliochunguzwa alama za m6A zilikuwa zimepungua, na upungufu huo ndio uliokuwa ukichochea ukuaji. Huku alama zikizidi zinadhuru. Kule zikipungua zinadhuru pia. Mwanaisimu hashangai. Neno halina maana kamili nje ya muktadha wake, na alama ya RNA halikadhalika: yategemea imebandikwa kwenye ujumbe gani, katika seli ipi, na nani anaisoma. Kwa sababu hiyo, mtu akikujia na chupa moja na kudai inatibu saratani zote, mwulize kwanza anazungumzia saratani ipi.

Je, matumaini yapo? Yapo, ila yapimwe. Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge na wenzao walitangaza kemikali inayomzuia METTL3 asiandike. Panya wenye saratani ya damu waliopewa kemikali hiyo waliishi muda mrefu zaidi, na ugonjwa ukapungua nguvu. Mwaka 2022 dawa ya jamii hiyo ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa wa kibinadamu. Majaribio si tiba, na njia kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa ni ndefu na ina mashimo mengi. Lakini mantiki yake ni nzito. Herufi ya DNA iliyokosewa ni vigumu kuirekebisha. Alama iliyobandikwa yaweza kuzuiwa au kubanduliwa.

Na asidhani mtu kwamba elimu ya alama hizi ni ya maabara tu. Alama nyingine, iliyogunduliwa mwaka 1951, ni umbo la herufi U lililopinduliwa kidogo. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha kwamba RNA yenye alama hiyo haiamshi hasira ya kinga ya mwili kama RNA tupu. Ugunduzi huo ulifungua njia ya chanjo za RNA dhidi ya Covid-19, na mwaka 2023 wawili hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Limebaki swali la pili la shangazi, ambalo kwake lilikuwa la kwanza. Wanangu wameirithi? Jibu ni kwamba saratani nyingi za damu za watu wazima hazirithiwi. Makosa huzuka ndani ya seli za uboho wa mtu mwenyewe katika muda wa maisha yake, na uboho haumo katika mbegu ya uzazi. Zipo koo chache zenye kasoro ya kurithiwa, ndiyo sababu daktari huuliza habari za jamaa. RNA-mjumbe nayo, pamoja na alama zake, huishi kwa muda wa saa chache kisha ikavunjwa. Shangazi hakuwaachia wanawe laana. Aliondoka duniani miezi michache baadaye akiamini huenda amewaachia, kwa kuwa mwana aliyesoma alikosa sentensi nne za kumtua mzigo huo.

Ndugu walimu, tazameni kwamba katika kuyaeleza haya sikuhitaji lugha ya kigeni. Mjumbe, mwandishi, mfutaji, msomaji, alama, muktadha: yote haya ni maneno ya darasa la Kiswahili. Palipokosekana neno, Kiswahili kimeazima na kulivisha kanzu yake, kama kilivyofanya siku zote. Wenzetu wa Dar es Salaam walichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Kinachopungua kwetu si maneno bali ni mazoea ya kuyatumia. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa biolojia hula chakula cha mchana katika chumba kimoja cha walimu. Yafaa siku moja waandae somo moja pamoja, la Kiswahili, kuhusu ugonjwa mmoja.

Nanyi wanafunzi, mtakapofaulu mkavaa koti jeupe, ama mkawa mmekaa kando ya mgonjwa kama nilivyokaa mimi, mtaulizwa, "Mwanangu, amesema nini?" Jifunzeni jibu mapema.